Punda wa Waingereza na mtama wetu

Wiki ya tatu sasa tangu nirudi Nairobi, miaka 11 nilikuwa Birmingham, na kitu imenishinda si jam ya Jogoo Road, ni kuongea.

Huko nilikuwa natunza wazee na kuna mmoja alinifunza misemo yao ya kupiga story karibu yote. Mtu wa domo wanasema anaweza ongea mpaka punda ang'oke miguu ya nyuma. Wakikaa gumzo eti wanatikisa kidevu, ama wanatafuna mafuta, na ukiwa na maneno matamu sana watakuuliza kama ulibusu jiwe la Blarney kule Ireland, na ni jiwe kweli, liko juu kwa ukuta wa ngome, watu wanapanda huko wanalala chali kichwa kinaning'inia ndio walifikie, ati unashuka na ulimi wa asali. Nilicheka sana. Makanga wetu walibusu nini?

Sasa juzi nimeenda kwa mama mboga hapa Buru, amekunja sukuma kwa mkono wa kushoto imekaza kama sigara, kisu kinapita, majani yanaanguka membamba kama nyuzi na hata haangalii. Nikaanza venye nimezoea, "Leo kuna mawingu, eh?"

Akasimamisha kisu. "Si hata mimi nayaona. Mama yako ule mguu ulipona?"

Yaani kule hali ya hewa ndio hodi, huku hodi ni mguu wa mama, na ukitaka sukuma ya 20 jipange na dakika 20.

Jumapili ndio niliharibu kabisa. Sister yangu ameacha kazi na hataki mathe ajue, mimi nikamnong'onezea mezani, "Usijali, siwezi mwaga maharagwe." Kwa Waingereza hiyo ni kutoboa siri. Mathe masikio yake bado iko fiti, akageuka na mwiko. "Maharagwe gani? Mimi nimepika ndengu."

Na si tuko na mtama wetu! Usimwage mtama kwenye kuku wengi, nimeambiwa hiyo tangu utotoni, na naona imeshinda yao, maharagwe yao yanamwagika tu basi, yetu inakuonyesha mpaka nani atadonoa.

Sister akanikanyaga chini ya meza. Too late. Mathe ameshavuta kiti, ameweka mwiko chini. "Haya. Ni nini hamtaki nijue?"

Tulitoka hapo saa nne usiku, ndengu imeganda kwa sufuria.