Mwamba mgumu si lazima ndio unaokula biti

Weka mezani biti mbili, yaani vichwa vya kutobolea mwamba, za nyundo ya ndani ya shimo (ile inayoshuka shimoni na kupiga ikiwa nyuma ya biti), zote zimetoka kazini. Ya kwanza meno yake ya kabaidi (mchanganyiko mgumu wa tungsteni na kaboni) yamekuwa bapa, hasa ya pembeni, na chuma kilichoyashika kimelika kama sabuni. Ya pili meno yangali na mviringo wake, yanang'aa, ila matatu yamekatika. Ukiuliza ni ipi iliyopigana na mwamba mgumu, wengi wataonyesha ya kwanza. Lakini huenda hiyo ilikuwa kwenye jiwe la mchanga ambalo nyundo ya mkono hulivunja bila shida, na ya pili ikawa kwenye basalti, mwamba mgumu wa volkano.

Kosa ni kuchanganya nguvu na ukwaruzaji. Nguvu hupimwa kwa kubana kipande cha silinda mpaka kipasuke. Graniti isiyochakaa kwa kawaida hupasuka kati ya megapaskali (MPa, kipimo cha mgandamizo) 100 na 250. Kipimo hicho kinakueleza kasi ya kushuka, yaani pigo lako litabandua kiasi gani. Hakikuelezi biti itadumu mita ngapi. Hilo hutegemea zaidi madini, na mkosaji mkuu ni kwatzi: katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, cha 1 hadi 10, iko 7, juu ya chuma cha kawaida, chini ya kabaidi ya tungsteni. Ndiyo maana chuma cha mwili wa biti hutangulia kulika, jino likakosa kishikio na kung'oka likiwa bado zima.

Kipimo cha Cerchar, cha ukwaruzaji wa mwamba, huonyesha jambo hili vizuri. Pini ya chuma yenye ncha ya nyuzi 90 huburutwa mm 10 juu ya mwamba chini ya mzigo wa nyutoni (N) 70, kisha upana wa ubapa wa ncha hupimwa kwa darubini. Kila mm 0.1 ni alama moja. Mwamba wenye alama 4 kwenda juu, nunua biti za ziada kabla hujaanza. Ripoti inayotaja MPa peke yake bila kiasi cha kwatzi ni nusu ya ripoti.

Kwenye mwamba mgumu unaokwaruza, chagua meno ya mviringo. Meno yaliyochongoka hushuka haraka kwenye mwamba laini au wa wastani, lakini hapa yatakatika. Noa pale ubapa unapofikia theluthi ya kipenyo cha jino. Ukizidisha, meno ya pembeni hulika kiasi kwamba sehemu pana ya biti inakuwa nyuma ya uso wake. Inaingia kwa kulazimisha, na kuitoa ni balaa.

Mwamba usiokwaruza, kama jiwe safi la chokaa, una hila yake. Meno hayaonyeshi ubapa, mchimbaji anaona biti bado mpya, kumbe uso wa kabaidi umejaa nyufa ndogo kama ngozi ya nyoka. Zisiposagwa, zinaingia ndani na jino linapasuka ghafla. Kwa hiyo kunoa ni lazima hata pale jicho linapokataa.

Mzunguko nao uendane na mwamba. Chukua biti ya mm 150, nyundo inayopiga mara 1,500 kwa dakika, mzunguko wa 30 kwa dakika: ni mapigo 50 kwa kila mzunguko. Mzingo ni mm 471, kwa hiyo meno ya pembeni husogea takriban mm 9 kati ya pigo na pigo. Ongeza mzunguko hadi 60 na yanaburuzwa karibu mm 19, kasi ya kushuka hata haiongezeki, na kwenye kwatzi umeyafanya brashi ya kusugulia mawe. Mwamba ukizidi kukwaruza, punguza mzunguko.

Biti za almasi za kutolea sampuli huwashangaza wageni: mwamba mgumu wenye chembe ndogondogo unataka biti yenye chuma laini, na mwamba unaokwaruza au uliovunjika unataka chuma kigumu. Almasi zimezikwa ndani ya chuma hicho, na lazima kilike ili mpya zitokeze. Chuma kigumu kwenye mwamba usiokwaruza hakiliki. Almasi zinaposuguliwa zikakosa ncha, biti inang'aa na kuteleza tu. Hapo ongeza mzigo kidogo, punguza mzunguko, na kama bado, badilisha biti. Kukandamiza kwa hasira kunapinda rodi, yaani mabomba yanayoshika biti.

Chenga, yaani vipande vya mwamba vinavyotoka shimoni, nazo zinasema. Zikitoka nene na zenye kona, jino linabandua. Zikiwa unga mtupu, unasaga upya kilichokwisha vunjika, au hewa haitoshi. Hewa inayopanda kati ya rodi na ukuta wa shimo isipungue mita 15 kwa sekunde. Ikipita sana 30, chenga za kwatzi hupiga rodi kama msasa. Tabaka la udongo wa mfinyanzi lenye unyevu kidogo huganda na kuziba matundu ya biti: ongeza maji na povu. Vumbi likikatika ghafla ilhali kompresa inafanya kazi, huenda hewa imepotelea kwenye ufa. Simamisha kushuka, inua biti kidogo, safisha shimo kwanza. Chenga zikirudi kukaa juu ya nyundo, itabaki humo.