"Piga Windows, piga Windows": nilivyopatana na printa yangu na bodi za mtoto wa kaka

Aisee, neno "piga Windows", yaani futa kila kitu uweke Windows upya, nimelichoka. Printa haisomi? Piga Windows. Sauti haitoki? Piga Windows. Nadhani hata nikilalamika kwamba jiko langu la gesi haliwaki, yupo fundi mmoja hapa mjini atatoa flashi mfukoni na kuniambia nimwachie mpaka jioni. Naandika haya kwa hasira kidogo na majivuno mengi, kwa sababu nimeweka draiva, zile programu ndogo zinazoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa, za printa na za bodi mbili za elektroniki kwa mkono wangu mwenyewe, mimi ambaye shuleni kompyuta tulichorewa ubaoni kwa chaki, na kipanya tukakichora na mkia.

Nina steshenari ndogo Moshi, si mbali na stendi kuu. Kopi, kuprinti, laminesheni, picha za pasipoti. Ikifika Desemba, Wachaga wanapopanda kurudi nyumbani, ndipo ninapokula: kadi za kipaimara, kadi za harusi, ratiba za ibada. Sasa printa yangu ikachagua kufa Oktoba mwishoni. Nikaagiza nyingine ya leza, iliyotumika, kutoka Kariakoo, laki mbili na kitu, ikaja na basi ikiwa imefungwa kwenye kiroba cha mchele. CD hakuna, na hata ingekuwepo, laptopu yangu haina pa kuiingizia.

Nikafanya kiherehere. Nilichomeka waya kabla ya kuweka programu yoyote. Windows ikalia ting, ikasema inaandaa kifaa, halafu kimya. Kwenye orodha ya printa kikakaa kitu kisichoeleweka, kimeandikwa "Unspecified". Ukituma karatasi, taa haipepesi hata kwa adabu.

Ndipo nikamwita fundi. Akaiangalia laptopu kama daktari anayekutana na mgonjwa aliyecheleweshwa. "Mama, hii Windows imechoka." Elfu kumi na tano. Jioni akairudisha inang'aa kweli, picha ya mlima kwenye kioo, wala si mlima wetu. Nikafungua folda zangu. Hamna. Kadi za kipaimara za miaka minne, majina ya wateja, fremu za harusi nilizochora kwa macho yangu haya, zote zimekwenda. "Si nilidhani una bakapu, mama." Na printa? Bado haisomi. Na zaidi ya hapo, Wi-Fi nayo imetoweka, maana Windows mpya haikuwa na draiva ya kadi ya Wi-Fi ya laptopu hii. Nilimpelekea tatizo moja, akanirudishia matatu. Kwenye flashi yake kulikuwa na draiva ya printa, ndiyo, lakini ya biti 32, na Windows aliyonipigia ni ya biti 64. Ikagoma, akasema printa ni mbovu.

Hapa ndipo nilipoanza kujifunza kwa lazima. Laptopu isiyo na Wi-Fi utashushaje draiva ya Wi-Fi? Kijana anayeuza vocha jirani yangu akacheka, akachukua simu yangu ya Android, akaichomeka kwa waya, akaingia kwenye mipangilio ya hotspoti na kuwasha ile ya USB. Laptopu ikaiona simu kama kadi ya mtandao na intaneti ikaingia, bila draiva ya kutafuta. Nilimpa soda. Angeniomba ng'ombe ningefikiria.

Basi nikiwa na bando langu na hasira zangu, nikafuata ushauri wa pili mbaya, huu wa mteja mmoja msomi: shusha programu inayotafuta draiva zote yenyewe, bure. Ikakagua, ikapiga kelele kwamba nina draiva 27 zilizopitwa na wakati, na hatari ni kubwa. Kuzirekebisha, lipa kwa dola. Wakati huohuo ikaniwekea matangazo ya kubahatisha kila nikifungua intaneti, mbele ya mchungaji aliyekuja kutengeneza ratiba ya ibada. Kuifuta ilinichukua saa nzima. Tovuti ya aliyetengeneza kifaa chako inatosha, hayo mengine ni kujitafutia mashetani.

Printa yenyewe ilikuja kukubali kwa dakika kumi. Nilichomoa waya, nikaingia Device Manager, ile orodha ya vifaa vyote vya kompyuta, nikakifuta kile kisichoeleweka, nikazima na kuwasha, nikaweka programu ya mtengenezaji ya biti 64, nikangoja mpaka iseme yenyewe "sasa chomeka". Nikachomeka. Ting. Karatasi ya majaribio ikatoka ya moto kama chapati.

Ningekuwa nimepumzika, kama si mtoto wa kaka yangu kurudi likizo kutoka chuo Arusha, anakosoma umeme na elektroniki.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Huo mfuko una nini?"

Mfukoni kuna mashine ya kutotolesha vifaranga, au tuseme ndoto yake. Boksi la thermokoli, balbu, feni ya kompyuta iliyokufa, na bodi mbili. Moja ni nakala ya Arduino Uno, bodi ndogo unayoiandikia programu, ya kuwasha na kuzima balbu ili joto likae kwenye nyuzi 37.5 kwa siku 21 za yai la kuku. Nyingine ni ESP32, yenye Wi-Fi, ya kunitumia mimi joto hilo kwenye simu. Mimi sikuomba, lakini mayai ni yangu, kwa hiyo nikakubali.

Laptopu yake alikuwa ameiacha chuoni, na waya wa Uno pia. Nikamwambia tulia: tundu la Uno ni la mraba, sawasawa na la printa. Nikachomoa waya wa printa nikampa. (Kumbukeni hili, litanirudia.) Taa ya bodi ikawaka, ting ikalia, ila kwenye programu ya Arduino hakuna mlango, yaani njia ya kuzungumza na bodi, isipokuwa COM1. Akachagua hiyo COM1, akatuma, ikaja mistari myekundu. COM1 kwenye kompyuta nyingi ni mlango wa mashine yenyewe, si bodi yako, usiuhangaikie. Kijana akakuna kichwa, akaniangalia kwa huruma.

"Shangazi, labda tupige Windows."

Nilimtazama mpaka akaomba radhi.

Jambo lililonikomboa ni hili, nalo nimelipata kwa kusoma usiku mmoja mzima. Kila kifaa cha USB hubeba kitambulisho, kama namba ya NIDA. Fungua Device Manager, kwenye kile chenye pembetatu ya njano bonyeza kulia, ingia Properties, kisha Details, kisha chagua "Hardware Ids". Utaona VID na tarakimu nne, PID na tarakimu nne. VID ni ukoo, yaani mtengenezaji. PID ni jina la mtoto. Yetu ilisema VID_1A86 na PID_7523. Ukiandika hizo kwenye intaneti unapata jibu papo hapo: CH340, chipu ya kampuni ya Kichina ya WCH. Uno yenyewe halisi ya toleo la R3 hutumia chipu nyingine, ATmega16U2, kuzungumza na USB. Nakala za bei ya chini nyingi huweka CH340, na hazina ubaya wowote, ila zinataka draiva yake. Tukashusha kutoka kwa WCH wenyewe, faili dogo kuliko picha ya mwaliko wa harusi. Pale palipokuwa na pembetatu pakaandikwa CH340 na COM3. Tukatuma programu, taa ndogo ikaanza kupepesa. Kijana akanipigia saluti.

Tangu siku hiyo nimekuwa mgonjwa wa VID. Ukoo 0403 ni FTDI, kampuni nyingine ya chipu kama hizi. Ukoo 10C4 wenye mtoto EA60 ni chipu ya CP210x ya Silicon Labs. Nikiona waya wa mtu wa kuunganisha mashine ya risiti nataka kujua ukoo wake kabla ya salamu.

Sasa ule waya wa printa. Asubuhi nikaurudisha, lakini nikauchomeka tundu la upande wa kushoto badala ya kulia, kwa kuwa kulia bodi ilikuwa bado imekaa. Akaja dada mmoja na CV, usaili ni saa nne, uko Arusha. Natuma, haitoki. Natuma tena. Nazima printa, nawasha. Natuma. Yule dada anaangalia saa, mimi natoka jasho na kumwambia "dakika moja tu, mpenzi". Akaenda kuprintia jirani, na alikuwa na haki.

Kilichotokea ni kwamba printa ilipohamia tundu jingine, Windows iliihesabu kama printa mpya, ikaizalia pacha aitwaye "Copy 1" kwenye mlango USB002. Mimi nikawa naendelea kutuma kwa yule wa zamani, USB001, ambaye hayupo. Nilipogundua, nikauchomeka waya kulia kwa ushindi, na printa ikaamka kama imechokozwa: CV ya yule dada mara kumi na moja. Kumi na moja! Karatasi zangu, tona yangu. Sikujua kwamba foleni husubiri. Siku hizi foleni ikikwama nasimamisha huduma ya Print Spooler, inayoshika hiyo foleni, nafuta vilivyomo kwenye folda PRINTERS iliyo ndani ya System32\spool, naiwasha tena. Au mapema zaidi, naangalia mlango uliotiwa tiki kwenye Ports za printa. Na tundu la kulia nimelibandikia karatasi: LA PRINTA, USIGUSE.

Lakini aibu yangu kubwa ni ESP32. Hii ina tundu dogo kama la simu za zamani, na waya wa simu ninao droo nzima. Tukachomeka. Taa nyekundu ikawaka vizuri. Mimi mtaalamu nikasema, "Ngoja nikuoneshe VID." Hakuna VID. Hakuna pembetatu. Hakuna kitu. Kwa mbali chipu inasomeka juu ya bodi, CP2102, nikaweka draiva ya CP210x. Hakuna. Nikaitoa, nikaiweka ya CH340 tuliyonayo tayari, mara ya pili, nikijua kabisa ni upuuzi. Nikazima antivairasi. Kijana akashika kile kitufe cha BOOT, ambacho kweli bodi nyingine hudai ukishikilie wakati wa kutuma, akakishika mpaka kidole kikaweka alama. Usiku wa kwanza ukapita. Usiku wa pili TANESCO wakakata saa mbili, tukaendelea kwa betri ya laptopu na mshumaa, kama tunaaguliwa.

Siku ya tatu akaja mzee mmoja kutoka Uru kutoa picha za pasipoti kwenye simu yake. Nikachukua waya uliokuwa mezani, nikaichomeka simu. Simu inachaji. Picha hazionekani. Mzee akauvuta ule waya, akaugeuza, akasema kwa upole, "Mae, huu waya ni wa chaja tu. Mjukuu wangu alinidanganyia kama huu."

Nilikaa kimya. Mzee alipoondoka, nilichukua wembe nikaupasua waya ule kwa kisasi. Ndani nyuzi mbili tu, nyekundu na nyeusi, umeme na basi. Nikapasua na mwingine uliokuwa umekatika kichwa, ambao ulikuwa ukihamisha picha siku zake: nyuzi nne, nyekundu, nyeusi, nyeupe na kijani. Zile mbili za ziada ndizo zinazobeba data. Usiku mbili nilikuwa natafuta draiva ya uzi ambao haupo. Na ile ting! Haikuwahi kulia hata mara moja, na mimi sikuisikia kutolia kwake. Pasipo ting, Windows haijui kama kuna kitu mlangoni, draiva utamwekea nani?

Nikanunua waya mpya pale sokoni, elfu tatu au nne, nikamwambia muuzaji sichukui mpaka tuhamishe picha moja hapa hapa. Akanuna, akahamisha. Kurudi dukani, ting, CP210x, COM5, mwisho. Sekunde.

Mashine ya vifaranga inafanya kazi, balbu inazimika na kuwaka, ingawa mtoto wa kaka alisahau maji ya unyevu na kundi la kwanza tulipata vifaranga sita kati ya mayai ishirini. Waya ule mzuri niliufunga uzi mwekundu ili mtu asiuchanganye na ile ya droo. Juzi nikaukuta umechomekwa ukutani, unachaji simu. Ya nani? Ya yule fundi wa Windows, amekuja kuprinti kitabu cha risiti. Sikusema kitu. Nilimtoza mia tano ya kuchaji.