Mkasi wa Moses Williams

Watu wengi wanaoziona kwa mara ya kwanza zile sura nyeusi za karatasi, zinazomwonyesha mtu kwa ubavu bila jicho wala rangi, huziona kuwa kazi nyepesi: kivuli kimefuatishwa kwa penseli, kisha mkasi ukapita juu ya mstari. Mimi hukata silueti za aina hii kwa mkono, na naamini kwamba mstari ule ni mwanzo tu, na kwamba usanii wenyewe huanzia pale mkasi unapouacha. Ushahidi bora ninaoujua hautoki kwa msanii aliyesomeshwa uchoraji, bali kwa mtu aliyezaliwa utumwani, Moses Williams wa Philadelphia, Marekani.

Williams alizaliwa mwaka 1777. Wazazi wake walikuwa watumwa wa mchoraji Charles Willson Peale, na walipopata uhuru wao mwaka 1786, mtoto alibaki mikononi mwa Peale. Alikulia katika nyumba moja na watoto wa mchoraji huyo, ambao hata majina waliyopewa yalitangaza walichotarajiwa kuwa: Raphaelle, Rembrandt, Rubens, Titian. Wao walifundishwa kuchora na kupaka rangi. Moses alifundishwa kazi za makumbusho ya Peale, kama vile kuzijaza ngozi za ndege na wanyama ili waonekane kama wako hai. Mwishoni mwa 1801, Peale alipokuwa tayari kuonyesha mifupa ya mastodoni, mnyama mkubwa wa kale aliyefanana na tembo, iliyochimbwa New York, ni Moses aliyevikwa mavazi ya wenyeji asilia wa Marekani, akapandishwa farasi mweupe na kuzungushwa mitaani pamoja na mpiga tarumbeta ili watu wajue kuna maonyesho.

Mwaka uliofuata iliingia mashine. Mbuni wake, John Isaac Hawkins, alitengeneza kifaa ambacho kijiti chake cha shaba kilipitishwa taratibu juu ya uso wa mteja, kutoka kwenye paji hadi kidevuni na shingoni, na fito zilizounganishwa na kijiti hicho zikaupeleka mwendo uleule kwenye karatasi, kwa kipimo kidogo sana. Karatasi ilikunjwa mara mbili, hivyo mkato mmoja ulitoa nakala nne. Kichwa kilikatwa na kuondolewa, na karatasi nyeupe iliyobaki na tundu ikalazwa juu ya karatasi au kitambaa cheusi. Malipo yalikuwa senti 8, bei ambayo hata fundi wa kawaida aliimudu, katika zama ambazo picha ya uso iliyopakwa rangi ilikuwa ya wenye fedha. Mwaka 1803 pekee makumbusho yalitoa zaidi ya sura 8,000, na mkasi uliozikata ulikuwa wa Williams.

Miaka mingi baadaye Rembrandt Peale alisimulia kwamba Moses alianza kwa kujiburudisha na karatasi zilizoharibika, akapata wepesi na usahihi wa ajabu, akakabidhiwa mashine pamoja na haki ya kubaki na malipo. Aliachiwa huru mwaka mmoja kabla ya kufikia umri wa miaka 28 uliowekwa na sheria, akanunua nyumba ya matofali ya ghorofa mbili, na akamwoa mpishi wa akina Peale, mwanamke Mzungu ambaye awali hakukubali hata kula naye meza moja. Katika simulizi hiyohiyo Rembrandt anadai kwamba kabla ya mashine kuja, Moses hakuwa na faida yoyote. Kila ninapoisoma sentensi hiyo huniuma, kwa kuwa mikono iliyoweza kushona ngozi ya ndege bila kuichana ilikuwa tayari ni mikono ya msanii. Kilichokosekana ni mtu wa kumpa nafasi.

Ili kuelewa alichokifanya, inafaa kujua mkasi unavyofanya kazi. Anayekata kwa mkono hauzungushi mkasi kuifuata karatasi. Mkasi hutulia, na mkono wa pili ndio unaoigeuza karatasi ndani ya makali. Ncha hazifungwi kabisa mpaka mwisho wa mkato, kwa sababu kila zinapokutana huacha pembe ndogo inayoonekana kwenye mstari wa shavu. Pua huwatisha wanaojifunza, lakini pua ni pana na huvumilia. Ugumu umo katika sehemu fupi kati ya chini ya pua na kidevu, ambayo kwenye kichwa cha kipimo kile haizidi upana wa ukucha: ukizidisha kiasi cha unywele mmoja kwenye mdomo wa juu, mtu mpole anakuwa mwenye kinyongo, na hakuna namna ya kuirudisha karatasi iliyokwisha kuondoka. Mchoraji hupaka tena juu ya kosa. Mkataji hana fursa hiyo.

Kwa Williams ugumu uliongezeka, kwa maana alikata tabaka nne kwa pamoja, nazo huteleza zisiposhikwa barabara, na kilichobaki mkononi mwake kilikuwa karatasi ya nje, huku kichwa chenyewe kikidondoka. Katika namna hiyo ukope haubandikwi wala hauchorwi. Hupatikana kwa kuchanja mkato mwembamba kutoka ukingoni mwa tundu kwenda nje, ili weusi wa chini ujitokeze. Kijiti cha shaba kiliweza kufuata mfupa wa paji na kidevu, lakini hakikuweza kufuata kope wala vinyweleo vilivyotoroka kwenye utepe. Hayo yote yaliamuliwa na jicho la aliyeshika mkasi, papo hapo, huku mteja mwingine akisubiri.

Mwaka 2005 mwanahistoria wa sanaa Gwendolyn DuBois Shaw alichapisha uchunguzi wa sura moja ya karibu mwaka 1803, iliyopo katika maktaba ya Library Company of Philadelphia, ambayo imeandikwa kwa mkono kwamba ni Moses Williams, mkataji wa sura. Ilizoeleka kusemwa kuwa ni kazi ya Raphaelle Peale. Shaw anatoa hoja kwamba Williams alijikata mwenyewe, na anaonyesha kwamba mkasi uliuacha mstari wa mashine, hasa kwenye nywele, zikatokea ndefu na laini kuliko mashine ilivyoziandika. Naikubali hoja yake. Mtu anayejikata mwenyewe ana sababu ya kupingana na mashine, na huyu alikuwa na uwezo wa kufanya hivyo bila mkono kutetemeka.

Tatizo ni kwamba karatasi zilizotoka pale hazikuwa na saini, bali muhuri wa makumbusho uliobonyezwa chini ya bega. Auguste Edouart, Mfaransa aliyefanya kazi Marekani kuanzia 1839 hadi 1849, alitenda kinyume kabisa: hakutumia mashine, alikunja karatasi nyeusi na kukata nakala mbili, moja ya mteja na moja ya kitabu chake, akiandika jina, mahali na tarehe. Vitabu vyake vingi vilipotea Desemba 1849 meli ya Oneida ilipovunjika karibu na Guernsey, lakini vilivyookolewa vinatuambia nani alikata na nani alikatwa. Za Williams ziko katika makusanyo mbalimbali, nyingi zikiwa bado zinatajwa kwa jina la Peale. Anayekutana na moja aitazame kwanza kwenye kope, kisha mdomo wa juu, ndipo asome muhuri. Na wanaozihifadhi waandike jina la Moses Williams kila penye sababu ya kutosha ya kumhusisha na mkato huo.