Usumba wa Bibi

Januari 2016 nilirudi Jambiani likizoni, nikamkuta bibi yangu ndiyo kwanza ameinuka kitandani. Mkojo ulikuwa umemchoma wiki nzima. Hospitalini wakamwambia ni bakteria, E. koli, wakampa vidonge, na hiyo ilikuwa mara ya tatu ndani ya miezi minane. Nilikuwa na hofu naye kuliko nilivyomwonyesha.

Alikuwa uani anasokota kamba. Makumbi aliyafukia pwani miezi mingi, akayafukua, akayaponda mpaka yakatoa usumba. Nikakaa ubavuni mwake na makala ya chuo juu ya bakteria hao, niliyokwisha kuisoma mara nne.

"Mjukuu wangu, mkojo unapita kwa nguvu zote zile, mbona hauwachukui hao wadudu?"

Nikamwambia wana vinyweleo vya protini, na kwenye ncha ipo protini iitwayo FimH inayoshika sukari ya manosi juu ya seli za kibofu. Mkojo ukivuta, FimH hukaza zaidi.

"Na kinyweleo chenyewe hukisokota nani?"

Hapo ndipo nilipokuwa nimekwama. Nilijua kwa moyo kwamba mwili wa kinyweleo ni protini za FimA, moja juu ya moja, kwa mamia na maelfu. Nilijua pia kuwa kila moja imejikunja ikabaki na ufa, kwa sababu imepungukiwa na utepe mmoja wa mkunjo wake. Maumbo ya protini za jamii yake yaliyochapishwa mwaka 1999 yaliuonyesha ufa wa namna hiyo waziwazi. Lakini kitu chenye ufa kinajengaje?

Nikaitazama mikono yake. Usumba ni mfupi. Uzi ukikaribia kwisha, yeye huchomeka mwengine palepale, ukabanwa na msokoto.

Kumbe! Kila FimA ina mkia, na mkia huo ndio unaojaza ufa wa ile iliyotangulia. Kabla ya zamu yake, protini nyengine, FimC, huishika na kuuziba ufa kwa utepe wake yenyewe, isije ikaharibika au ikagandana ovyo na wenzake. Hufikishwa kwenye tundu la ukuta wa nje wa bakteria, liitwalo FimD. Hapo utepe wa FimC hutoka, mkia wa protini inayofuata huingia. Hakuna ATP, ile molekuli ya nishati ya seli, inayotumika. Mkia hukaa ndani ya ufa vizuri kuliko utepe wa kuazima, na hilo latosha kuisukuma kazi mbele.

Nilimweleza kwa haraka, maneno yakinipanda. Akaivuta kamba yake, msokoto ukalegea, alipoiachia ukarudi. Nikamwambia na kinyweleo hufanya hivyo hivyo mkojo ukikivuta, hufunguka mizunguko bila kukatika.

Akanyamaza, usumba umo kiganjani.

"Basi huyo FimC ndiye kiganja. Dawa si mumfunge yeye? Kiganja kikifungwa, kamba haiendi."

Baadaye sana nilisoma kwamba wapo watafiti wanaotafuta molekuli za kumzuia FimC. Siku ile nililiandika swali lake pembeni mwa makala, kwa penseli, naye akanisogezea fungu la usumba nimchambulie.