Niliweka sakulenti kwenye zidaka, msifanye kama mimi

Haya jamani, leo nawapa kisa cha vile nilitupa elfu mbili baharini hivi hivi na macho yangu. Mwaka jana nilikuwa kwa simu usiku naangalia picha, nikaona mtu wa Nairobi anauza sakulenti, vile vimti vya majani manene, zimejipanga kama waridi, zingine rangi ya zambarau zingine kama zimepakwa unga, shilingi 250 kila moja, nikaagiza nane. Zikaja na basi mpaka Mokowe, zikavuka na boti mpaka kwetu Lamu, boksi nililifungua siku ya pili na mbili zilikuwa zishalegea shingo.

Sasa ujinga wenyewe ndio huu. Nyumba yetu ni ya kale, ya mawe, mtaa wa Mkomani, na ndani kuna zidaka ukuta mzima, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo, nikasema wallahi mahali pake ni hapa, moja moja kila kidaka, zitang'aa na ile chokaa nyeupe. Na zilipendeza kweli! Nikapiga picha, nikatuma kwa kila mtu. Nyanya akapita akasimama pale akaniuliza, "Mwanangu, huu ni mti au ni sahani? Utowe ukaone yua." Nikacheka tu.

Wiki ya tatu zote zimerefuka, majani yameachana, rangi imekwisha, zimeinamia upande wa mlango zote kama watu wanasubiri mgeni. Nyumba zetu zilijengwa kukimbia jua, kuta nene, madirisha kidogo, na kidaka ni cha vyombo, nyanya alijua anachosema. Nikaogopa nikazipandisha zote juu ya nyumba saa sita mchana, siku moja tu majani yakaungua madoa ya kahawia. Kumbe mmea uliokaa gizani unazoezwa pole pole, jua la asubuhi kwanza wiki moja mbili ndio uongeze.

Halafu maji. Mie nilikuwa nampa kila mmoja kikombe kila siku na maji ya kisima, na kisima chetu kina chumvi, baada ya muda ule udongo juu ukafanya ukoko mweupe. Siku hizi nakinga ya mvua kwenye pipa, na simwagilii mpaka nitumbukize kijiti kama vile unavyoangalia keki, kikitoka kikavu ndio nampa.

Lakini hata ningefanya sawa sidhani zile sakulenti zangu, ekeveria kwa jina, zingeishi sana hapa. Kwao ni milima ya Meksiko. Hii mimea inafungua vitundu vya majani usiku, mchana inafunga isipoteze maji, kwa hivyo inataka usiku wa baridi kidogo, sasa kwetu usiku wa Februari hata mtu mwenyewe hapumui. Masika yalipoingia zilizobaki zikaoza, ukigusa jani linadondoka kama ndizi iliyoiva.

Baadaye nilikwenda Malindi kwa shangazi nikapita kwenye nasari moja ya miche kando ya barabara, nikaona adeniamu, lile waridi la jangwani lenye tumbo chini na maua mekundu. Huu mti ni wa huku huku kwetu, unamea porini. Huyu nilimbonyeza tumbo kabla sijatoa pesa, likiwa gumu nunua, likibonyea kama embe wacha, ndani pameoza. Angalia pia katikati ya majani kama kuna vidude vyeupe kama pamba, hao ni wadudu na watakwenda nyumba nzima. Na ukiona kakti ina ua linalong'aa kupita kiasi livute kidogo, kuna wengine wanabandika na gundi!

Sasa ninazo adeniamu nne, shubiri mbili na mkonge mmoja, kwenye sufuria za zamani zilizotoboka na vyungu nilivyovitoboa chini kwa msumari. Udongo zaidi ya nusu ni kokoto na mchanga wa mto, si wa ufuoni una chumvi, halafu samadi ya punda iliyooza kabisa, na hiyo Lamu hatuwezi kukosa. Nimezipanga kwenye ngazi ya juu, kubwa nyuma ndogo mbele, jua la asubuhi linazipiga, masika nazisogeza chini ya makuti. Mbuzi wa jirani alipanda mara moja akanusa adeniamu akaenda zake, utomvu wake ni sumu, kwa hivyo wenye watoto wadogo ziwekeni juu na mkikata nawani mikono. Kiangazi inapukutisha majani yote, mara ya kwanza nilidhani imekufa nikalia, kumbe imelala tu.

Zidaka zimerudishiwa sahani za nyanya. Kimoja tu ndugu yangu kaweka sakulenti ya plastiki ya kutoka Mombasa, naipangusa vumbi kila Ijumaa, na wageni wakija ni hiyo hiyo wanayoniuliza naimwagilia mara ngapi.