Sekunde Tano Nje ya Mlango: Nilivyomzoesha Togwa Kubaki Peke Yake

Jirani yangu wa mlango wa tatu ni mama wa makamo, mtu wa swala tano, na mbwa hamgusi. Nguo yake ikirambwa na mbwa ataifua mara saba, moja kwa udongo, kama alivyofundishwa. Lakini bila mama huyo, mbwa wangu Togwa angekuwa amesharudi kituoni alikotoka.

Nilimchukua mwezi wa Februari kwenye kituo kimoja cha kuokoa wanyama, nje kidogo ya Arusha. Ni jike, na jina nilimpa kwa sababu ya rangi yake, kama ya kile kinywaji cha nafaka. Meno yalionyesha yuko kwenye miaka miwili. Alikuwa ameshachanjwa kichaa cha mbwa na kutolewa kizazi, na historia yake ilikuwa fupi: aliokotwa barabarani akiwa na kipande cha kamba shingoni. Waliniambia ni mpole, hana neno.

Kweli hana neno, mradi uwe naye. Siku nne za kwanza nilikuwa likizo, akanifuata jikoni, uani ninapoanika nguo, hata chooni alilala mlangoni pua akiwa ameichomeka kwenye upenyo wa chini. Nikajisifu kwamba amenipenda haraka. Siku hizi mtu akinisimulia hivyo kuhusu mbwa wake mpya, ninamuuliza umeshawahi kutoka ukamwacha?

Siku ya tano nikaenda kazini. Jioni nilikuta fremu ya mlango imetafunwa mpaka ndani, pazia liko chini, mkojo umetapakaa sebuleni, na Togwa amelowa mate kifuani kana kwamba kamwagiwa ndoo ya maji. Fizi zilikuwa na damu. Nilimgombeza. Nikamburuta mpaka kwenye mkojo nikamwonyesha, kama nilivyoona watu wakifanya tangu nikiwa mdogo. Akajikunja, akalaza masikio, nami nikasema moyoni, unaona, anajua kosa lake. Hakujua kosa lolote. Masaa yalikuwa yameshapita, na kilichokuwa mbele yake ni mtu mzima anayefoka. Kesho yake ikawa mbaya zaidi, maana sasa aliogopa ninavyoondoka na akaogopa ninavyorudi.

Baada ya siku tatu mwenye nyumba akapiga simu. Tunakoishi ni nyumba za kupanga, vyumba vimeshikana, ua ni mmoja, na kilio cha mbwa kinapita ukuta kama hakuna ukuta. Akanipa mpaka mwisho wa mwezi. Sikumlaumu, mlango ni wake.

Jioni ile nikaenda kuomba radhi mlango wa tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ila huyo mwenzio abaki hukohuko."

Nikaanza kueleza kuhusu kelele. Akanikatiza.

"Yule habweki kama mbwa aliyeona mwizi. Analia. Ukishafunga geti tu anaanza, bodaboda yako haijapiga hata kona. Ananyamaza akichoka, akisikia mtu anapita anaanza upya. Mimi nimelea wajukuu watano. Kilio cha njaa nakijua, na kilio cha kuachwa nakijua."

Usiku huo nikatafuta simu yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Asubuhi nikaiegesha kwenye kabati la vyombo, nikaiwasha irekodi, nikaondoka. Niliiangalia video ile mara moja tu. Alianza kuhema kabla sijatoka, niliposhika funguo. Nilipofunga mlango alizunguka chumba, akaukwangua mlango, akalia, akazunguka tena. Nusu saa ya kwanza ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Na maini ya kuchemsha niliyomwachia, kitu anachokipenda kuliko chochote, hakuyagusa mpaka niliporudi jioni. Hapo ndipo nilipoelewa. Mbwa aliyechoka kukaa bure angekula maini kwanza, ndipo atafute kiatu cha kutafuna. Huyu alikuwa na hofu inayofunga koo.

Daktari wa mifugo alimpima mkojo kwanza, kuhakikisha hana ugonjwa wa kibofu. Akaniambia dawa zipo, kama fluoksetini wanayopewa pia watu wenye sonona, ila huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake na peke yake hazitoshi bila mazoezi ya kumzoesha kuachwa. Akanionya nisije nikampa kidonge cha binadamu kwa kukisia. Tukakubaliana nianze na mazoezi peke yake, yakishindikana nirudi.

Mazoezi yenyewe yana sharti moja gumu: wakati unamfundisha, asiachwe peke yake kwa muda unaozidi anaouweza. Togwa aliweza sekunde kumi hivi. Mimi ninaingia kazini saa mbili na kutoka saa kumi na moja. Sina dada wa kazi, sina ndugu mjini. Wengi wanakwama hapa, na nadhani ndiyo maana mbwa wengi wanarudishwa vituoni. Si kwamba watu hawana upendo, hawana mtu wa kushinda nyumbani.

Kilichoniokoa ni fundi cherehani anayeshonea barazani mtaa wa nyuma. Nilimwomba akae na Togwa mchana, nimpe shilingi 10,000 kwa wiki. Akacheka, akasema mbwa mlinzi wa cherehani hajawahi kumwona, mlete. Basi kila asubuhi Togwa akawa anakwenda kushinda chini ya meza yake, vipande vya kitenge vikimwangukia mgongoni. Kilio kikakoma siku ileile, kwa kuwa hakuachwa. Mwenye nyumba akatulia. Mimi nikapata muda.

Jioni ndipo tulipofanya kazi. Siku tatu za mwanzo sikutoka kabisa. Nilichukua funguo, nikakaa kuangalia taarifa ya habari. Nikavaa viatu vya kazini, nikamenya viazi. Nikabeba mkoba mpaka jikoni na kurudi. Nilitaka vitu hivyo viache kumaanisha "anaondoka", na siku ya tatu alikuwa ananitazama kwa jicho moja tu. Baadaye nikashika kitasa na kuachia. Nikafungua mlango, nikafunga nikiwa ndani. Halafu nikatoka sekunde moja. Halafu tano.

Siri ni kurudi kabla hajaanza kuogopa. Ukirudi wakati ameshalia, umechelewa, na siku hiyo acha. Pia sikupanda ngazi moja kwa moja. Nilichanganya, sekunde ishirini, kisha tano, kisha arobaini, kisha kumi, ili asione kwamba kila zoezi ni gumu kuliko lililopita. Sikuzidisha dakika ishirini kwa jioni moja. Muda niliuandika kwenye daftari la shule la shilingi mia tano.

Majirani waliniona nikitoka, nikisimama uani kama mlingoti, nikiingia, nikitoka tena. Mama wa mlango wa tatu alikuwa akinichungulia dirishani. "Leo umesahau nini?" Nilipomweleza, akachukua kazi ile kama yake. Kutoka mlangoni pangu nilikuwa sisikii vizuri anachofanya Togwa, lakini ukuta wake umepakana na upande anaolala. Basi nikawa ninatoka, ninasubiri, na yeye ananipa ishara kwa mkono: kimya, au rudi haraka.

Vipo vitu nilivyojaribu vikashindwa. Kumfungia bandani, kama wanavyofungiwa mbwa wengi mchana, kulimfanya ajing'oe kucha mbili, sitarudia. Redio haikubadilisha kitu. Mwenzangu kazini akashauri nichukue mbwa wa pili amtulize. Kule kituoni Togwa alikuwa amezungukwa na mbwa kutwa, kwa hiyo niliona shida yake si uhaba wa mbwa wenzake. Kilichofaa zaidi ni kuamka saa kumi na moja na nusu na kutembea naye kwenye vichochoro, taratibu, nikimwacha anuse kila kona anayotaka. Alirudi akiwa amechoka kichwa kuliko miguu. Na kanga yangu isiyofuliwa, ambayo anailalia mpaka leo, na mimi nimeshakubali kwamba si yangu tena.

Wiki ya tano nilimwekea mchuzi wa dagaa usio na chumvi wala kitunguu, nimechanganya na ugali na kuugandisha kwenye sahani ya chuma. Nikatoka. Dakika ya tatu nikasikia sahani ikisukumwa sakafuni, chwa, chwa, chwa. Anakula, na mimi niko nje! Nilikaa kwenye ngazi ya uani nikalia kidogo, niseme ukweli.

Tulipofika dakika ishirini na tano nikapata msiba Moshi. Nilimwacha na binamu yangu siku mbili, nikamwambia usimwache peke yake hata dakika. Binamu akaenda kuangalia mpira. Niliporudi fremu ilikuwa imetafunwa upya na Togwa hawezi dakika mbili. Nilikasirika kiasi kwamba sikuongea na binamu wiki nzima. Daftari lakini lilinituliza: tulichojenga kwa wiki tano na ushee kilirudi ndani ya siku tisa. Na tulipovuka nusu saa, mambo yakaenda mbio. Kutoka dakika arobaini mpaka masaa mawili ilichukua muda mfupi kuliko kutoka sekunde kumi mpaka dakika tano.

Sasa anabaki peke yake kuanzia ninapokwenda kazini asubuhi mpaka saa sita na nusu, kisha mtoto wa fundi anakuja kumchukua na kumpeleka barazani. Siku nzima sijamjaribu wala sina mpango. Fremu nimeibadilisha, seremala kanichukulia shilingi 45,000, na mwenye nyumba amekuja kuikagua kwa tochi ya simu, mchana kweupe.

Jumanne iliyopita nilikuwa kwenye kikao, simu ikatetemeka. Sauti ya mama wa mlango wa tatu, akinong'ona: "Mwanangu, mbwa wako yuko kimya mpaka nimepata wasiwasi. Nimekwenda dirishani kwako nikachungulia. Amelala chali, miguu juu, hana hata haya."