Mjomba na Ushirazi wake

Mjomba wangu hapa Kilwa Masoko akielemewa na ubishi, hata uwe wa bei ya pweza, huufunga kwa neno moja: "Sisi Washirazi." Wakubwa wote barazani hutikisa kichwa. Mimi huuliza: huyo mkubwa wetu wa kale, Ali, alikimbia nini huko Shiraz, Uajemi?

Alikimbia ndugu zake. Mreno João de Barros, aliyeandika karne ya 16, anasema Ali alikuwa mmoja wa watoto saba wa sultani. Wenzake mama yao wa nasaba. Wake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Wakambeza, akaona urithi haupo, akapanda chombo Hormuz, bandari ya Ghuba ya Uajemi. Mogadishu na Barawa akakuta zina wenyewe, akateremka hadi kwetu, akanunua kisiwa kwa nguo; wengine husimulia kwamba zilitosha kukizunguka chote.

Hata Kilwa ilikuwa na mwenyewe! Hadithi ya Kiswahili inamtaja Mrimba, aliyemwoza mgeni binti yake kisha akahamia bara. Baadaye akataka kurudi kwa vita, maana zamani maji yakitoka watu walivuka kwa miguu. Masimulizi ya Kiarabu yanasema Washirazi walichimba mlango wa bahari. Ya kwetu yanasema walisoma Kurani na kutoa kafara, maji yasikauke. Vyovyote vile, baba mkwe akafungiwa nje. Ajabu, sijapata kumsikia mtu barazani akisema, "Sisi wa Mrimba," na ilhali wajukuu wa binti yake walikuwa wajukuu zake.

Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba Kilwa Kisiwani miaka ya 1960, alikuta watu waliishi pale kabla ya sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan, anayedhaniwa kuwa Ali yuleyule. Mwaka 2023 ukatoka uchunguzi wa vinasaba kutoka makaburi ya kale ya pwani: upande wa baba Uajemi mwingi, upande wa mama Uafrika. Mjomba alisherehekea nusu ya kwanza.

Shiraz haikuacha kutoa wakimbizi. Mfalme wa Uajemi, Fath Ali Shah, alipofariki 1834, mwanawe Husayn Ali Mirza, liwali wa Fars, jimbo la Shiraz, akajitangaza shah, yaani mfalme, palepale Shiraz. Mtoto wa ndugu yake, Muhammad, aliyeungwa mkono na Uingereza na Urusi, akamshinda. Watoto watatu wa aliyeshindwa, Riza Quli, Najaf Quli na Taymur, wakafika London 1836 kuomba hifadhi. Hapo ndipo ninapowahurumia: jeshi lililompiga baba yao liliongozwa na ofisa Mwingereza, Henry Lindsay Bethune. Lakini ukifukuzwa na jamaa zako, mlango wa kubishia hodi huuchagui. Wakapokewa vizuri, wakatazamwa na wakubwa wa London, wakapangiwa posho, wakaenda kukaa Baghdad.

Nilipomsimulia mjomba, alifikiri kidogo, akasema, "Mwanangu, hao hawakuchukua nguo."